Kasyoka na Bomba Lililopotea Mtoni

Kasyoka Mwau aliajiriwa na Mradi wa Maji wa Kyamwala kupika. Hiyo ni miaka kumi na sita iliyopita, wakati mtaro wa bomba kubwa ulipokuwa ukichimbwa kutoka visima vya Kyamwala, kule tambarare ng'ambo ya Nuu, hadi soko letu la Kilungya juu ya mwinuko. Ni kilomita thelathini na moja. Wachimbaji walikuwa themanini, na kila kambi ilipohama naye alihama, na sufuria zake mbili na gunia la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Siku bomba lilipofika Kilungya tulichinja mbuzi, tukaomba, tukapiga picha, na wachimbaji wakaenda makwao.

Kasyoka hakwenda. Alimfuata meneja wa wakati huo akamwambia, "Hizo vali zote ulizofukia, mimi ndio niliwapelekea chai waliozifunga. Ukinipa kazi ya kuzifungua sitakuuliza ziko wapi." Meneja alicheka, lakini akampa ufunguo. Ni chuma kizito chenye umbo la msalaba, kirefu hadi kifuani mwa mtu mzima. Tangu siku hiyo, ukiona pikipiki nyekundu imebeba mama mnene mwenye kofia ya majani na chuma kimefungwa ubavuni, ulijua maji yanakuja au yanaondoka.

Nasimulia haya kwa sababu mimi ni mwalimu hapa Kilungya, na nilikuwa mmoja wa waliomkosea.

Mwaka jana mvua za Novemba zilitukimbia. Kunde zilinyauka kabla ya kutoa maua. Ilipofika Februari joto lilikuwa la aina ambayo hata wazee walishindwa kuilinganisha na mwaka mwingine. Ukifungua mfereji saa saba mchana, kama kulikuwa na chochote kwenye tangi la plastiki, kilitoka cha moto cha kuoshea vyombo. Kule Kyamwala pampu ya kisima cha pili ilijizima yenyewe kila siku jua lilipopanda. Kasyoka ndiye aliyesema pampu zote ziendeshwe kuanzia alfajiri hadi saa nne, zipumzike, ziwashwe tena saa kumi, na sanduku la umeme lifunikwe magunia makavu na kujengewa kivuli cha majani ya mkonge. Pampu zikaacha kuzimika. Maji yakaingia kwenye bomba vizuri.

Lakini Kilungya hayakufika.

Siku ya kwanza tulivumilia. Ilipofika siku ya kumi na mbili shule yangu ilikuwa imerudisha nyumbani watoto wa madarasa ya chini. Kwenye kituo cha afya, muuguzi msimamizi Gakenia, aliyehamia kwetu kutoka Kirinyaga na kuolewa hapa, alikuwa akiwaambia akina mama wanaokuja kujifungua waje na mitungi miwili kila mmoja. Alilisema hilo huku akitazama chini. Siku moja alinishika mkono nje ya kanisa akaniambia, "Mwalimu, nimezalisha mama kwa lita tatu. Sitaki kuifanya tena hiyo."

Basi tukatafuta wa kulaumu, na hatukwenda mbali. Njiani, kilomita ya tisa kutoka Kyamwala, kuna kituo cha Kwa Mbaa. Bomba linapita pale kabla ya kuja kwetu, na watu wa Kwa Mbaa walikuwa na maji kila siku. Tukasema wanatuibia. Tukasema Kasyoka ameolewa kule, kwa hiyo anawafungulia wao na kutufungia sisi. Mimi nililisema mbele ya walimu wenzangu, tena nikiwa nimekaa kwenye kivuli.

Siku ya kumi na tisa, watu kama arobaini kutoka Kilungya waliteremka Kwa Mbaa na sururu ili wavunje tawi la bomba linalowapa wale maji. Mbele alikuwa Musyimi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa maneno machache ambaye binti yake alikuwa karibu kujifungua. Nilikuwa nyuma yao. Watu wa Kwa Mbaa walikuwa wamesimama mbele ya kibanda cha vali, nao wana mapanga. Kasyoka alikuwa katikati, ameegemea ufunguo wake.

"Musyimi," alisema, "unataka nini?"

"Maji."

"Unadhani wako nayo hawa?"

"Wanaoga. Sisi tunapangusana na kitambaa."

Kasyoka aliwageukia watu wa Kwa Mbaa. "Nataka kufunga tawi lenu. Siku nzima, kuanzia sasa hadi kesho wakati kama huu. Jazeni mitungi, nawapa saa moja." Kisha akarudi kwa Musyimi. "Nitafunga mbele ya macho yako. Utaweka watu wawili hapa, na wao wataweka watu wawili kule kwenye tangi lenu. Kama ni hawa wanaiba, kesho mtakunywa. Kama kesho hamtakunywa, utanyamaza na utanisaidia kutafuta."

Kulikuwa na minong'ono pande zote mbili. Mzee mmoja wa Kwa Mbaa alisema hawezi kukaa siku nzima bila maji kwa sababu ya uongo wa watu wa juu. Kasyoka alimjibu kwa upole kwamba uongo huisha haraka ukipimwa. Saa moja ilipokwisha alichomeka ufunguo shimoni, akazungusha raundi ishirini na mbili akizihesabu kwa sauti, akamwita Musyimi ajaribu kuzungusha zaidi. Haikuzunguka.

Kesho yake, saa sita mchana, tangi la Kilungya lilikuwa kavu vilevile. Vijana wawili wa Kwa Mbaa walikuwa wamelala chini yake, na binti mmoja wa hapa alikuwa amewapelekea uji. Musyimi alimpigia Kasyoka simu mwenyewe. "Wafungulie," alisema. "Na uwaambie tumekosea."

Sasa basi, maji yalikuwa yanapotea wapi?

Meneja wa sasa ni Evanson Ngure, kijana wa Murang'a, injinia aliyekuwa na miezi minne tu kazini. Alikuwa na ramani kwenye kompyuta, na ramani ilisema kwamba kutoka Kwa Mbaa bomba linafuata barabara moja kwa moja, linavuka mto Kaluu likiwa limefungwa kwenye daraja, kisha linapanda. Mita ya kupimia maji ya katikati ya njia ilikuwa imeharibika miaka mingi, kwa hiyo hakukuwa na njia ila kutembea. Yeye, Kasyoka na Musyimi wakatembea ukingo wa barabara kilomita tano chini ya jua lile, wakitafuta ardhi yenye unyevu au majani mabichi. Hakukuwa na jani bichi hata moja. Hata vichaka vya miiba vilikuwa vya kijivu.

Walipofika darajani Ngure alishuka chini kuangalia bomba. Alikaa kule kwa muda. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama Kyule," alisema, kwa maana Kyule ndiye kifungua mimba wa Kasyoka, "hakuna bomba hapa."

"Haliko?"

"Halijawahi kuwa. Hata tundu la skrubu hakuna."

Kasyoka aliketi juu ya ukuta wa daraja akavua kofia. Baadaye aliniambia kwamba alijiona mjinga kuliko siku yoyote maishani. Miaka kumi na sita amepita juu ya daraja lile akijua kwamba bomba liko chini yake, kwa sababu ramani ilisema na kila meneja alisema. Akafumba macho na kujaribu kukumbuka mafiga. Wiki ile walipofika Kaluu, alikuwa amepikia wapi? Haikuwa darajani. Alikumbuka akiteka maji ya kupikia kwenye mchanga, hatua chache tu kutoka motoni. Alikumbuka mgunga mkubwa uliopigwa na radi. Alikumbuka pia mwenye kandarasi akigombana na dereva wa mashine ya kuchimba, maana mwamba ulikuwa umevunja meno mawili ya mashine, na akisema, "Pindisha. Pitisha chini ya mchanga, nani atajua."

Akavaa kofia. "Injinia, hiyo ramani ni ya vile ilitakiwa kuwa. Njoo nikuonyeshe vile ilikuwa."

Waliteremka mtoni wakafuata mchanga karibu kilomita moja na nusu. Mto ulikuwa mkavu, mweupe, unaochoma hata kupitia soli za viatu. Visima vya mchangani walivyovipita vilikuwa mashimo makavu. Halafu kwenye kona ya mto, chini ya mgunga uliopasuka katikati, wakakuta punda kumi na moja, mbuzi wasiohesabika, na akina mama kama ishirini wakichota. Kisima chenyewe hakikuwa kirefu kuliko urefu wa mkono.

Msimamizi wao alikuwa Ndinda, mjane wa miaka sabini na kitu. Aliwakaribisha kwa kata ya maji kabla ya kuwauliza shida yao.

Kasyoka alikunywa. Maji ya mchanga wa Kaluu yana chumvi, kila mtu wa huku anajua. Haya yalikuwa matamu. Na nyuma ya utamu kulikuwa na harufu ndogo anayoijua kuliko manukato yoyote, harufu ya dawa inayotiwa kwenye tangi la Kyamwala kila asubuhi. Alimpa Ngure kata. Ngure alinusa, akamtazama.

"Kisima hiki tulikiombea," Ndinda alisema. "Mwezi wa kumi na mbili tulifunga siku tatu. Kikatoka kidogo, na mwezi huu kimefurika. Tunakiita Neema."

Hapo, Kasyoka aliniambia, ndipo moyo wake ulipoingia baridi katika joto lote lile. Alikuwa ameyapata maji ya Kilungya, na kuyarudisha ilikuwa kuwanyang'anya hawa. Angeweza kunyamaza, aende, arudi na mafundi. Aliketi kando ya mwanamke yule mchangani.

"Mwaitu," alimwambia, kama tunavyomwita mama yeyote wa umri ule, "Mungu hakukudanganya. Alikupa maji. Lakini aliyapitisha kwa bomba letu. Limepasuka hapa chini, na kule juu kuna kituo cha afya kinazalisha akina mama bila maji."

 Mama mmoja nyuma yake alisema wasikubali kudanganywa.

"Mkiziba, sisi tunakufa," Ndinda alisema mwishowe. Hakulalamika, alieleza tu.

"Tukiziba tutawawekea mfereji pale ukingoni. Na siku ya kufungua maji, ninyi ndio mtakunywa kwanza. Kabla ya Kilungya kupata tone."

Ngure alimvuta kando. "Mama Kyule, hiyo haiko kwenye mpango. Na watu wa juu wamekaa wiki tatu. Watakubali aje?"

Musyimi, aliyekuwa amewafuata, ndiye aliyejibu. "Watakubali. Nitawaambia mimi. Na bomba la mfereji natoa dukani kwangu."

Ndinda alimtazama Kasyoka kwa muda mrefu, kama anayepima kitambaa. "Mwana wakwa," alisema, akimwita mwanawe, "nimekusikia. Mkianza kuchimba mniite. Nyinyi hamjui mchanga huu."

Ili kulirekebisha bomba ilibidi njia nzima ifungwe siku tatu, katika joto la nyuzi thelathini na nane, na hapo ndipo nilipoiona kazi ya Kasyoka kwa mara ya kwanza nikaielewa. Ngure alitaka kutuma ujumbe wa simu. Kasyoka alimwambia nusu ya watu hawana chaji na nusu nyingine hawamwamini. Alikwenda makanisani. Jumapili ile makanisa kumi na manne kutoka Kyamwala hadi kwetu yalisoma tangazo moja, kwa Kikamba, lenye saa kamili: Kwa Mbaa watajaza Jumatatu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne. Wa Mikuyuni, kituo kingine cha kabla ya mto, Jumatatu kuanzia saa kumi hadi kumi na mbili jioni. Jumanne vilevile kwa wengine. Jumatano alfajiri bomba linafungwa. Kituo cha afya kitaletewa maji kwa punda wa watu wa mtoni, mitungi sitini kila siku, bila kukosa.

Wazo la punda lilikuwa la Ndinda.

Kila vali ilifunguliwa dakika ileile iliyotajwa, na ikafungwa dakika ileile. Watu walianza kusimama nje wakitazama saa zao, kwanza kwa kejeli, kisha kwa heshima. Jumatano hakuna aliyelalamika, maana kila mtu aliyepangiwa zamu alikuwa amejaza hadi masufuria.

Watu waliokwenda mtoni kuchimba walikuwa zaidi ya mia moja. Kwa Mbaa walikuja, wale wenye mapanga. Sisi wa Kilungya tulikuja. Mchanga wenye maji haukubali kuchimbwa. Ukitoa sepeto moja zinaingia mbili, na hadi saa nne tulikuwa tumepata jasho tu. Ndipo Ndinda akatusimamisha. Alitufundisha kuzamisha kwanza pipa lililokatwa kitako, kuchota ndani yake huku mtu mzito akilikalia lishuke, mpaka tukaligusa bomba na kujua lilipo. Kisha akatuonyesha namna ya kupanga magunia ya mchanga kuzunguka kama ukuta wa duara, yakipandana kwa mteremko, ili shimo lipanuke bila kuangukia watu. Nilijaza magunia siku nzima karibu na mtu wa Kwa Mbaa ambaye wiki mbili kabla nilimwita mwizi. Nilimwomba msamaha tukiwa tumeshika pembe za gunia moja. Alisema, "Shika vizuri, mwalimu, litamwagika."

Alhamisi saa nane bomba lilionekana lote. Mahali lilipounganishwa raba ilikuwa imeoza na boliti nne kati ya nane zilikuwa zimeliwa na kutu hadi zikafanana na misumari. Nthiwa, fundi wa mabomba wa mradi, alishuka na raba mpya na boliti mpya. Alikaza, akapumzika, akakaza tena. Alipopanda juu saa kumi alikuwa ametapakaa tope, akainua mkono mmoja. Tulipiga makofi tu, maana koo zilikuwa kavu.

Siku tatu ziligeuka mbili. Lakini Kasyoka alikataa kufungua hapohapo. Alisema bomba tupu likijazwa kwa pupa linapasuka mahali pengine, na isitoshe ahadi ilikuwa mfereji kwanza. Usiku ule Nthiwa alilala, na asubuhi akauunga mfereji wa ukingoni kwa bomba la Musyimi. Ijumaa saa tatu Kasyoka alizungusha raundi mbili tu za vali ya njia kuu. Nusu saa baadaye mfereji wa mtoni ulikohoa, ukatema tope, ukatulia. Ndinda aliweka mtungi wa kwanza chini yake. Ulipojaa aliusogeza mbele ya miguu ya Musyimi, akasema, "Huu ni wa binti yako."

Kisha Kasyoka akapanda pikipiki. Kati ya mto na Kilungya kuna vali sita za kutolea hewa, na alikwenda moja baada ya nyingine, akifungua, akisikiliza hewa ikifoka, akingoja hadi maji yamrukie usoni ndipo afunge na kuendelea. Tulimfuata kwa miguu, kwa baiskeli, kwa chochote. Kwenye vali ya nne kofia yake ilirushwa na maji na hakurudi kuiokota.

Saa tisa na dakika kumi tangi la Kilungya lilianza kuvuma kwa ndani. Ni sauti ya chini, kama ng'ombe wengi wakitembea mbali. Watu walinyamaza wote kuisikia. Gakenia alitoka wodini, akaenda kwenye mfereji wa ukuta wa nje, akaufungua na kusimama pale mikono ikiwa imekingwa. Yalikuja ya kahawia, yakaja meupe kwa hewa, yakaja safi. Alinawa hadi viwikoni taratibu, kwa sabuni, kama watu wanavyonawa wakiwa na maji. Alipomaliza akaingia ndani, maana binti ya Musyimi alikuwa ameanza uchungu. Mtoto alizaliwa kabla ya jua kutua, msichana, na chumba kizima kilioshwa sakafu hadi mlango.

Jumapili iliyofuata kanisani nilisimama nikasema nililokuwa nimelisema juu ya Kasyoka, na kwamba lilikuwa uongo. Wengine watano walisimama baada yangu. Yeye aliketi safu ya tatu, akijipepea kwa kitabu cha nyimbo. Alipoitwa mbele alisema tu kwamba mwezi wa tisa joto litarudi, na ratiba iko tayari.

Lilirudi, tena kali. Kuanzia Septemba hadi mvua zilipoanza Novemba, siku sitini na nne, bomba halikukosa zamu hata moja. Kila mtu alijua saa yake na saa ya jirani yake. Mikuyuni walipozikwa wazee wawili wiki moja, waliomba zamu ya ziada kwa ajili ya wageni, na Kwa Mbaa waliwapa ya kwao. Ngure alichora ramani mpya, akitembea na Kasyoka kilomita zote thelathini na moja, na Kasyoka sasa ni msimamizi wa njia nzima, na vijana wanne chini yake.

Habari ilivuka mpaka wa kaunti. Oktoba walikuja watu watatu kutoka Makueni, wa mradi mdogo karibu na Mbumbuni, ambako shule na soko vilikuwa vimekaa majuma sita bila maji. Walikuja kumwomba injinia. Ngure aliwapa Kasyoka.

Alikaa kule siku nne. Alitembea njia yao akiuliza maswali kila nyumba, na siku ya tatu akasimama kwenye ghala la mahindi la mtu mmoja mwema asiyejua chochote, akaomba magunia yasogezwe. Chini ya sakafu ya udongo kulikuwa na vali iliyofungwa nusu, imesahauliwa tangu kabla ghala halijajengwa. Iligoma hadi ikapakwa mafuta na kungojwa hadi kesho yake. Ijumaa mchana ilizunguka.

Mwalimu mkuu wa shule ile ni rafiki yangu, ndiye aliyenipigia simu. Alisema watoto walitoka madarasani kabla ya kengele wakajipanga kwenye mifereji, na hakuna mwalimu aliyewarudisha. Kulikuwa na mama mmoja mnene pale, alisema, amelowa kichwa hadi miguu, anacheka peke yake.